Siku Baba Yako Alipocheza Mganda Uwanjani

Mwanangu Kasiani,

Salamu tulishapeana asubuhi ukiwa na povu la dawa ya meno mdomoni, kwa hiyo naziruka. Naruka pia habari za soksi, chandarua na kutokula ovyo njiani. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaanza kujifunika mto, na kama hayajaingia basi tena. Ninalotaka kukuambia ni lingine, na mdomo umenishinda. Nilijaribu juzi tulipokuwa tunageuza kahawa kwenye vichanja. Ukaniuliza, "Mama, mbona unaniangalia hivyo?" Nikakujibu jua linaniumiza macho. Jua gani jamani, na mawingu yalikuwa yamefunga mpaka Mkumbi!

Basi naandika. Wewe na baba yako mmeondoka na pikipiki kwenda Mkumbi kumuaga babu yako pale kaburini, na ninavyomjua baba yako mdogo Festo, hawaachii watu mpaka wale. Nyumba imetulia. Nimeinjika maharage, nimefukuza kuku hapa mezani, nimekaa.

Naanza na lenyewe, nisije nikazungukazunguka mpaka karatasi ikaisha. Baba yako anaumwa. Sisemi goti, goti unalijua tangu hujajua kutembea. Ni figo. Ile siku tulipokwenda Songea, tukakuambia tumealikwa harusi, hakukuwa na harusi. Tulikwenda hospitali. Daktari alisema figo zake zimechoka vibaya, na anatakiwa aende Dar, kwenye hospitali kubwa, aanze matibabu bila kuchelewa. Akamuuliza ni dawa gani ametumia kwa muda mrefu. Baba yako akacheka kidogo, akasema, "Daktari, mimi nilikuwa mchezaji." Daktari hakucheka. Akamuuliza vidonge vya maumivu alivimeza kwa muda gani, na baba yako akanigeukia mimi, kama kawaida yake akisahau jambo.

Kwenye basi la kurudi alinishika mkono, kitu ambacho hakifanyi mbele za watu, unamjua. Akaniambia, "Mama Kasi, mtoto asijue. Mwache aende Dar, asaini na timu, aanze ligi, azoee. Mimi nitakwenda Dar kahawa ikishauzwa. Tutamwambia baadaye." Nikamjibu, "Sawa."

Hilo neno nililisema siku moja zamani, kwa habari inayofanana na hii, na sijawahi kupona. Nikilisema tena na nikanyamaza, sitaweza kukutazama ukipanda basi. Kwa hiyo nakueleza yote, kwanza kwa sababu ni haki yako, pili kwa sababu kuna jambo moja la baba yako ambalo umelijua vibaya maisha yako yote, na aliyesababisha ni mimi.

Wewe unajua baba yako alikuwa mchezaji wa ligi kuu. Unajua walimwita Kahawa kwa sababu alitoka Mbinga. Unazijua zile picha za ukutani, na jezi iliyopauka ambayo anakataa niifanye tambara. Maisha ya nje ya uwanja hujaelezwa na mtu. Wanaume wakikaa wanahesabu magoli tu.

Nilipoolewa naye nilitoka Liuli, binti wa ziwani, Mwanglikana, najua kukaanga dagaa wa usipa na kuimba kwaya basi. Ndugu zake Wamatengo walinipokea kwa adabu, lakini adabu ile ya kumpa mtu kiti halafu mnaongea Kimatengo. Sikujali, maana baba yako alinichukua tukaenda Dar, na nikadhani nimeukata. Mke wa mchezaji! Nilijiona nimefika.

Loo, nilifika wapi. Nyumba ya kupanga ilikuwa na mlango usiofungwa. Wakishinda, uani kumejaa watu wanataka kumshika mkono, wanakula chakula chetu, wanamwita kaka. Wakifungwa, watu walewale wanapita dirishani wanasema maneno ambayo sitayaandika. Ukienda sokoni, muuza nyanya anakuuliza kwa nini mumeo alipiga penalti ile juu. Ukienda kanisani ndiyo kabisa. Padri mwenyewe siku moja, namkabidhi sadaka ya shukrani, ananong'ona, "Mwambie Kahawa arudi nyuma kukaba." Nikasema amina, ningesema nini?

Yeye mwenyewe alikuwa hayupo. Mtu akikuambia ameolewa na mchezaji, muulize ameolewa na nani, maana mchezaji yuko kambini. Akitoka kambini yuko safarini. Akirudi nyumbani anarudi na goti. Nilikuwa nanunua barafu kwa jirani aliyekuwa anauza za vifuko, namimina kwenye beseni la kufulia, baba yako anaweka mguu humo, amefunga macho, meno yanagongana. Halafu nampa vidonge na chai. Mimi, kwa mkono wangu. Vikiisha naenda duka la dawa, muuzaji ananijua, ananipa bila swali. Nilijisikia mke mwema. Ndiyo maana daktari wa Songea alipouliza, jibu nilikuwa nalo mimi.

Alikuwa na raha moja tu nje ya mpira. Nyuma ya ile nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi, kikubwa kuliko mkeka kidogo. Baba yako alikata majani, akayapanga mistari, akachimba mashimo ya ngoro katikati, vilevile kama wanavyochimba kwao milimani ili mvua isibebe udongo. Dar es Salaam, kwenye mchanga, tambarare kabisa! Mwenye nyumba alikuja akasimama akacheka mpaka akashika ukuta. Baba yako akamwambia, "Mzee, mimi sijui kulima namna nyingine." Akapanda maharage. Yalitoka machache, tukayala kwa heshima zote. Jumatatu baada ya kufungwa alikuwa anakaa pale na jembe, hasemi na mtu. Nilijifunza kumwacha.

Sasa sikiliza kosa langu lilivyoanza, maana halikuanza siku moja. Uongozi wa timu ulitufundisha sisi wake wa wachezaji kwamba mchezaji hasumbuliwi. Kesho kuna mechi, usimwambie mtoto ana homa. Usimwambie mwenye nyumba amekuja juu. Usimwambie mama yake amepiga simu analia. Mwache kichwa kiwe chepesi. Nikalishika somo hilo kweli kweli. Dada yako wa kwanza, yule tuliyempoteza kabla hajaweza kukaa, aliugua baba yako akiwa Mwanza, na nilimwambia alipokwisha kurudi, mtoto ameshalazwa hospitali. Hata hapo sikujifunza. Nilidhani nambebea mzigo, kumbe nilikuwa namfanya mgeni nyumbani kwake.

Mimba yako ilikuwa kubwa, tumbo lilifika mlangoni kabla yangu. Ilikuwa mwisho wa msimu, imebaki mechi moja ya kuamua ubingwa, na uongozi ulikuwa unaangalia nani abaki na nani aondoke. Goti la baba yako lilikuwa limeanza kusemwa magazetini. Wachezaji walikuwa kambini na simu zao zimekusanywa. Siku moja kabla ya mechi, asubuhi, Festo akanipigia.

"Shemeji," akasema, "baba ametutoka."

Babu yako hakuwa ameumwa. Alirudi shambani, akaomba maji, akalala. Festo alikuwa analia mpaka simu inakwaruza. Akasema, "Mwambie kaka aondoke leo hii hii. Tunamsubiri yeye kuzika." Unajua baba yako ndiye mkubwa, na udongo wa kwanza kaburini unatupwa na mkono wa mkubwa. Hilo hata mimi wa ziwani nililijua.

Nikampigia meneja wa timu ili amwite. Akaongea kwa upole sana, nakumbuka upole ule kuliko maneno. "Pole sana shemeji. Pole mno. Lakini hebu tufikirie pamoja. Akiondoka leo atakuwa njiani na mawazo. Tumwache acheze kesho. Mpira ukiisha tu, gari la timu linawasubiri wewe na yeye, dereva hatalala, mtafika kuzika. Na kwa hali ya goti lake, shemeji, mechi hii ndiyo itakayomsemea."

Mwanangu, ningependa kukuambia alinidanganya. Hakunidanganya. Nilifikiria Mkumbi, nikafikiria jiko la mama mkwe na Kimatengo chao, nikafikiria kurudi na tumbo lile na mume asiye na timu. Nilitaka acheze. Nilitaka abaki Kahawa. Nikasema, "Sawa."

Festo alipopiga tena kuuliza kama kaka ameshaondoka, sikupokea. Nilimpa jirani simu akasema nimelala, tumbo linanisumbua.

Mechi niliisikiliza kwenye redio, nimekaa kwenye gari la timu nje ya geti la uwanja, na begi la nguo nyeusi miguuni. Kipindi cha pili baba yako akafunga, kwa kichwa, uwanja mzima ukapiga kelele mpaka gari likatikisika. Na mtangazaji akasema, "Tazama Kahawa, anacheza mganda huyo! Anacheza mganda wa kwao Mbinga!" Ilikuwa kawaida yake akifunga, anajipanga kama yuko kwenye mstari wa ngoma na wenzake, mguu mbele, mguu nyuma, mikono kiunoni. Watu walipenda. Dereva alipiga honi. Mimi nilitapika nje ya mlango, na dereva akadhani ni mimba.

Baadaye niliambiwa kwamba hata Mkumbi waliisikia. Vijana walikuwa na redio nyuma ya jiko, wameipunguza sauti. Mwili wa babu yako uko ndani, wanawake wanaimba, na nyuma ya jiko redio inasema mtoto wake mkubwa anacheza mganda.

Baba yako alitoka getini anacheka. Aliponiona kwenye gari alinyoosha mikono, alidhani nimekuja kumpongeza. Nikamwambia. Sikumzungusha, nilisema, "Baba amefariki." Akaweka begi chini. Akauliza, "Lini?" Nikasema jana asubuhi. Akauliza, "Na wewe ulijua lini?"

Nikasema jana asubuhi.

Akapanda gari. Tukapita Morogoro, tukapita Iringa, hakusema neno. Makambako baridi ilikuwa kali, dereva akasimama kunywa chai. Baba yako akashuka, akarudi, akavua koti lake la timu akanifunika mimi na wewe tumboni, akakaa na fulana. Mpaka leo nikiwaza jambo la kuniliza, ni koti lile. Angenipiga kofi ningelala usingizi.

Barabara ya Songea kuja Mbinga ilikuwa bado ya udongo na mvua za mwisho zilikuwa zimeiharibu. Tulikwama. Watu wakasukuma. Mmoja wao akamtambua, akapiga kelele, "Kahawa! Goli lile!" Baba yako alikuwa matope mpaka magotini, akamjibu asante.

Tulipofika Mkumbi walikuwa wanafagia. Walikuwa wamesubiri mpaka walipoweza, kisha Festo akatupa udongo wa kwanza, akiwa bado kijana. Baba yako alikwenda moja kwa moja kaburini akasimama. Akainama akachukua udongo, akaushika. Hakuutupa, maana kaburi lilikuwa limeshajaa. Alirudi nao nyumbani mkononi, na sijui aliuweka wapi.

Jioni wazee wakamwita kwenye sengu. Umeshakaa sengu, unajua wanaume wa ukoo wanavyokula pamoja na kuyaongea ya nyumbani hapohapo kwenye chakula. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, tunasonga ugali, ukuta ni wa mabanzi, kila neno linapita. Baba mkubwa wa ukoo akamuuliza, "Habari ulizipata lini?"

Nikaacha mwiko. Nikasema moyoni, haya, leo ndiyo siku yangu.

Baba yako akajibu, "Nilizipata siku ileile, asubuhi."

"Na ukacheza?"

"Nikacheza."

"Ulijua baba yako yuko ndani, hajazikwa, ukaenda kucheza mpira?"

"Nilijua."

Nikasikia mtu anasukuma sahani. Hawakumpigia kelele, na hilo ndilo baya la watu hawa, hawapigi kelele. Walimaliza kula. Tangu siku hiyo hajawahi kupewa neno la kufungua sengu, mkubwa mzima, anapewa Festo.

Nilimfuata nje. Nikamwambia, "Rudi ukawaambie ni mimi. Au niache niende mwenyewe." Alikuwa anakojoa gizani, akamaliza, akafunga mkanda. Akaniambia, "Wewe ukikosa watakurudisha kwenu na mtoto wangu tumboni. Mimi hata nikikosa, nabaki mtoto wao." Nikataka kusema kitu. Akasema, "Liishe hapo." Nami nikalikubali liishe, Kasiani. Ningeweza kuingia mle ndani, nikapiga magoti, nikasema. Ilikuwa hatua chache. Niliogopa.

Timu walimwongezea mkataba, kwa ajili ya goli lile. Alicheza msimu mmoja zaidi kwa vidonge na sindano, hakufunga hata moja, na akija mtu kumsalimia kwa ajili ya goli la ubingwa alikuwa anainuka anakwenda kwenye ngoro zake. Kisha tukarudi Mbinga. Umemuona kwenye harusi, watu wanapanga mistari ya mganda, wanamvuta, anasema goti. Goti linapanda mlimani na gunia la kahawa, lishindwe mganda? Hakuna mtu aliyejiuliza.

Sasa nafika kwako, na hapa mkono unakuwa mzito. Mwaka jana mlipogombana, alipokukataza kwenda majaribio kabla ya kumaliza mitihani, ukamwambia maneno. Najua unayakumbuka. Ulimwambia, "Wewe mwenyewe si uliuchagua mpira ukamwacha baba yako azikwe na wengine? Leo unanifundisha nini?" Uliyatoa kwa binamu zako wa Mkumbi, nawajua. Baba yako aliweka kikombe, akatoka kwenda kugeuza kahawa, na kahawa ilikuwa imeshageuzwa.

Nami nilikuwa palepale, mlangoni, nimeshika ungo. Nilikuwa na nafasi ya kusema kwa mara ya pili. Nikaendelea kupepeta. Ile ya kwanza naweza kuieleza, nilikuwa binti, nilikuwa mjamzito, niliogopa wakwe. Ya mwaka jana sina maelezo. Nilimwona mtoto wangu anamhukumu mtu asiye na kosa, kwa kosa langu, nikapepeta mchele.

Basi ndiyo hivyo. Baba yako hakuuchagua mpira. Hakupewa nafasi ya kuchagua. Alichagua kitu kimoja tu, kubeba lawama yangu, na ameibeba mpaka mbele yako wewe.

Sikuandikii ili ubaki. Ukibaki nitakufukuza na huu mwiko, nakuapia. Mpira unaupenda, nimekuona unavyolala na viatu kitandani kama mwanasesere, na mguu unao, kila mtu anasema, hata mimi nisiyejua offside ni mnyama gani. Nenda ukacheze. Ninachotaka ni uende unajua, halafu uamue mwenyewe la kufanya na hilo unalojua. Baba yako hakupata nafasi hiyo.

Na kule uendako watakufanyia vilevile, kwa upole vilevile. Watakuchukulia simu, watakuwekea watu wa kukufungulia mlango, utapata mchumba ambaye ataambiwa na watu wazima wenye suti kwamba akupe kichwa chepesi. Atakupenda, na kwa kukupenda atakuficha mambo. Usimlaumu, mimi ni yeye. Lakini mwambie mapema kwamba nyumbani kwenu mlishafanya hivyo na mkaona. Na vidonge, mwanangu. Akikupa mtu kidonge ili ucheze, nipigie, uniambie jina lake herufi kwa herufi, niende nikamuulize yule wa duka la dawa hapa kama kinaua. Nitakuwa msumbufu. Nimeshakaa kimya vya kutosha.

Jana nilimpigia meneja wa timu yako mpya, namba niliiona kwenye zile karatasi. Kijana mzuri, alinipa shikamoo. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni mama yake Kasiani. Siku nikikupigia na neno zito la nyumbani, hata kama amesimama kupiga penalti, utamwita pembeni umwambie. Usinipe pole kwanza. Mwite." Akacheka, akadhani natania. Nikarudia. Akaacha kucheka, akasema, "Nimekuelewa, mama."

Barua hii sikupi kwa siri. Nimeshachoka na mambo ya nyuma ya mgongo wa baba yako. Mkirudi, wewe utakwenda kuaga rafiki zako, najua, na yeye nitamwekea hapa mezani chini ya kikombe chake, aisome wa kwanza. Nimevunja neno alilonishikia mkono kwenye basi, na ni haki ajue kabla yako. Akiichana, nitakuambia yote kwa mdomo kesho stendi, mbele ya kondakta na abiria na wauza karanga, waache wasikie. Akikasirika, akasirike. Safari hii akasirikie mtu anayestahili.

Nasikia pikipiki inapanda kilima. Ni yenu, naijua inavyokohoa. Maharage nayo yameungua chini, mtakula hivyohivyo.

Wewe uliyefunikwa pamoja nami kwa koti lile nikiwa nimekubeba, nenda salama.

Ni mimi mama yako.

Kasi,

Nimeisoma. Mama yako mpira hakuwahi kuujua. Goli halikuwa la kichwa, lilikuwa la mguu wa kushoto, nje ya kumi na nane. Mengine yote ni kweli.

Udongo ule nilikuwa nao kwenye mkebe wa chai. Leo uliponiacha kaburini ukaenda kumwita Festo, niliurudisha.

Niamshe mapema. Kama kwenye basi bado kuna kiti, tutakwenda Dar wote.

Baba